Kiporo cha Masomo

Nazungumza nanyi nyote mnaonisikiliza jioni hii, kuanzia Somanga na Nangurukuru, mkashuka Kivinje hadi Masoko, ninyi wa kisiwani Songosongo, na ninyi wa Mchinga, wa Lindi mjini na wa ng'ambo ya Kitunda. Mama zangu mlio jikoni na redio mmeiegesha dirishani, poleni na kazi. Vijana, sogeeni karibu, maana maneno ya leo ni yenu pia.

Leo nina neno moja, na neno lenyewe ni kiporo. Kiporo mnakijua. Ni wali wa jana uliolala sufuriani, asubuhi ukapashwa moto, ukaliwa na chai ya rangi. Wapo wanaoapa kwamba kiporo cha wali wa nazi ni kitamu kuliko ulivyokuwa ulipoepuliwa, nami sibishani nao. Lakini kiporo kina mpaka wake. Kikilala usiku mmoja ni chakula. Kikilala siku tatu katika joto hili letu la pwani, ukifunua kifuniko utarudi nyuma wewe mwenyewe uliyekipika.

Watu wa mpira waliliazima neno hili zamani. Mechi ya Simba au ya Yanga ikiahirishwa, tunasema timu ina kiporo. Mimi jioni hii nazungumzia kiporo cha namna nyingine, kiporo cha masomo. Namzungumzia mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma kwa njia ya mtandao akiwa nyumbani kwake, hapa hapa kwetu, ambaye amepewa kazi na wiki sita za kuifanya, na wiki tano na siku sita zikapita kabla hajaandika hata mstari mmoja. Kwa nini inakuwa hivyo? Hilo ndilo swali langu, na nitalirudia mara kwa mara, kwa sababu jibu lililozoeleka silikubali.

Nianze na mtu mmoja. Jina lake silitaji. Tumwite Mwalimu, maana ndiyo kazi yake, anafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi hapa Kilwa. Ana watoto watatu, na anasomea shahada ya ualimu kwa mtandao. Jioni moja nilikwenda kwao kumwona mumewe, tukakaa barazani. Mwalimu alikuwa amekaa mkekani, daftari mapajani na simu mkononi. Nikamwona anafungua mfumo wa chuo. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, ukurasa ukafunguka. Akasoma swali la asaimenti polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akailaza simu kifudifudi kwenye mkeka.

Unajua alifanya nini baada ya hapo? Alichukua fagio la chelewa akaanza kufagia uwanja. Ilikuwa saa tatu usiku, na uwanja ule ulishafagiwa alasiri. Akamaliza, akasuuza sufuria iliyokuwa safi. Akarudi na ungo wa mchele wa kesho, akakaa chini ya taa anachambua punje moja moja, anatoa chenga, anatoa vijiwe, na vijiwe vyenyewe havikuwepo. Alipoishika simu tena alikwenda moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp la michango ya harusi. Saa nne na nusu akapiga miayo, akatuambia, "Kesho. Kesho nitaamka alfajiri nianze na akili mpya."

Sasa niwaulize, ndugu wasikilizaji. Mama huyu ni mvivu?

Mvivu hafagii uwanja saa tatu usiku. Mama huyu anaamka saa kumi alfajiri, anawasha moto, anaandaa watoto, saa moja yuko mstarini na wanafunzi wake. Mchana anasahihisha madaftari zaidi ya themanini. Mvua za vuli zikikaribia yuko shambani na mumewe. Katika maisha yake yote hajawahi kuchelewesha chungu cha futari. Basi tukiliita jambo hili uvivu tutakuwa tumempa mgonjwa dawa ya ugonjwa mwingine. Nalisema hili mapema na nitalisema tena: kiporo cha masomo si uvivu.

Na Mwalimu hayuko peke yake. Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, chuo kikaanza rasmi mwaka uliofuata, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1994. Nia ilikuwa njema na bado ni njema: mtu asome bila kuacha kazi, bila kuacha watoto, bila kuhamia Dar es Salaam. Miaka ile ya mwanzo mwanafunzi alibeba vitabu vyake akasoma kwa kibatari. Siku hizi masomo yamehamia kwenye mtandao, na vyuo vingine navyo vimefuata njia hiyo, hasa baada ya Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa ajili ya korona hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni. Kwa sisi wa kusini hii ni neema kubwa. Mimi nakumbuka safari ya Dar es Salaam kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, tulivyolala njiani tukisubiri kivuko. Leo muuguzi wa hospitali ya Kinyonga anasoma na zamu yake haijavurugika. Karani wa ushirika anasoma. Afisa ugani anasoma. Chuo kimekuja mlangoni, na hapo hapo mlangoni ndipo penye tatizo letu.

Kabla sijaingia ndani, nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuchelewa ni kitu kimoja, kuahirisha ni kitu kingine. Mnakumbuka Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilitufikia, mvua ikaikata barabara pale Somanga, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Tukiwa bado tunahesabu hasara, tarehe 12 Mei nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na mtandao ukadorora nchi nzima na kwa jirani zetu. Mwanafunzi wa Kilwa aliyeshindwa kupakia kazi yake wiki ile, nani atamlaumu? Aliyesubiri saa sita usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi, huyo anapanga matumizi yake. Mkulima aliyesogeza mbele kusoma kwa sababu ufuta umekauka, na ukiuacha vitumba vitapasuka mbegu zimwagike chini, huyo naye anajua anachofanya.

Kuahirisha ninakokusema mimi ni kule kusogeza mbele jambo ulilokusudia kulifanya, nafasi unayo, bando unalo, umeme upo, na wewe mwenyewe unajua kabisa kwamba kusogeza huko kutakuumiza. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Calgary huko Canada, Piers Steel, alikusanya tafiti nyingi za jambo hili akachapisha matokeo mwaka 2007, na maelezo yake yamesimama hapo hapo: mtu anachelewesha kwa hiari yake huku akitarajia kwamba ataumia. Sikilizeni vizuri, huku akijua. Kwa hiyo kumwambia mtu wa namna hiyo "utafeli shauri yako" ni kumwambia habari aliyonayo tayari.

Basi kama anajua, na si mvivu, kinachomzuia ni nini?

La kwanza, na kwangu mimi ndilo kubwa: hakuna anayemwona.

Fikirini chuo cha kukaa bweni. Kijana yuko kitandani hana hamu ya kitu. Mwenzake wa chumba anafunga viatu, anamwambia, "Twende bwana, mwalimu ataingia." Anaamka. Hakuamka kwa kupenda somo, ameamka kwa sababu mwenzake amesimama mlangoni. Njiani anawaona wengine wanakimbia, naye anaharakisha. Darasani anaona kila mtu ana karatasi za asaimenti, moyo unamdunda, jioni anaingia maktaba. Mambo yote hayo yanamsukuma na hajui kuwa anasukumwa. Ni kama kuvuta jarife: mikono kumi na miwili ikiwa kwenye kamba, wako unakwenda tu.

Sasa mtoe kijana huyo, mweke peke yake chumbani Kivinje na simu. Kamba ni ile ile, wavu ni ule ule, lakini anavuta peke yake, na ufukweni hakuna hata mtoto wa kumpigia kelele. Akikosa leo hakuna aliyeona. Akikosa kesho hakuna aliyeona. Ndiyo, mfumo unamtumia barua pepe ya kumkumbusha. Barua pepe haina macho. Haimkuti sokoni ikamuuliza, "Vipi, umefika wapi?" Nasi wa pwani tumelelewa na macho ya watu. Madrasa tulisoma kwa sauti, wote pamoja, fimbo ya maalimu ikiwa pembeni. Tarawehe tunaswali kwa jamaa, na rakaa zile zote ambazo peke yako ungezipunguza unazimaliza kwa sababu bega la mwenzio liko begani kwako. Mtu aliyezoea bega unapomwondolea bega ghafla, anayumba. Kuyumba huko nako tunakuita uvivu.

La pili ni hofu. Na hapa nirudi kwa Mwalimu.

Nilimuuliza siku nyingine lile swali lilikuwa linataka nini. Akaniambia lilikuwa linauliza kwa nini watoto wa madarasa ya chini wanakwama kwenye hesabu za kutoa, na mwalimu afanye nini. Nikamwambia, "Na wewe unaonaje?" Basi hapo akafunguka. Alinieleza kwa nusu saa. Akanieleza jinsi mtoto anavyodhani kwamba tarakimu kubwa siku zote ndiyo inayotolewa ndogo, hata ikiwa iko chini. Akanieleza anavyotumia mbegu za korosho, anazifunga kumi kumi kwenye vifuko, na mtoto akihitaji kuchukua kumi anafungua kifuko kwa mkono wake, anazimwaga mezani, anaziona. "Akishafungua kifuko mwenyewe mara tatu," akasema, "hasahau." Mimi si mwalimu, lakini siku ile nilielewa hesabu ya kutoa kuliko nilivyofundishwa shuleni.

Nikamuuliza, "Sasa mbona huandiki?" Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Inatakiwa kwa Kiingereza, kaka. Na wasahihishaji ni maprofesa."

Mmesikia hapo? Mama ana jibu. Analo kwenye vidole. Linalomfukuza kwenye ule ukurasa ni ile hali inayomwingia akiufungua: kujiona mdogo, kuona aibu ambayo hata haijatokea. Akiilaza simu kifudifudi, ile hali inaondoka papo hapo. Akishika fagio anajisikia mtu wa maana tena, maana kufagia anakujua na hakuna profesa wa kumsahihisha. Watafiti wawili wa Canada, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kwa sehemu kubwa ni njia ya mtu kujitoa haraka kwenye hali mbaya ya moyo, na gharama yake anaachiwa yule atakayekuwa yeye kesho. Mimi niliposoma maneno hayo niliuona ule ungo wa mchele.

Ndiyo maana nasema fimbo haisaidii. Ukimkemea mtu anayekimbia aibu, umemwongezea aibu, atakimbia mbali zaidi. Nimewaona wanafunzi waliokosa tarehe moja tu, wakaona haya, wakaacha kufungua mfumo mwezi mzima, kazi moja iliyochelewa ikazaa sita. Haya ndiyo iliyowapeleka kwenye sapu, mtihani wa marudio.

La tatu nalipitia haraka kwa sababu mnalijua. Darasa limewekwa ndani ya simu, na simu hiyo hiyo ndiyo soko, ndiyo kijiwe cha kahawa, ndiyo harusi na msiba, ndiyo mpira. Zamani ukienda darasani uliviacha vyote hivyo nyuma. Leo unasoma ukiwa umekaa katikati ya kijiwe.

Na tukiwa hapo, methali zetu nazo tunazitumia vibaya. Utasikia, "Haraka haraka haina baraka." Wahenga walikuwa wanamwonya mtu anayelipua kazi. Hawakumtandikia kitanda mtu ambaye hajaanza. Hao hao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, lakini hii ya pili hatuikumbuki usiku wa kufungua daftari.

Wapo watakaoniambia, "Mimi nikibanwa ndipo akili inafunguka." Nawasikia. Basi niwakumbushe usiku wenyewe ulivyo. Mifumo mingi inafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku. Jioni ya siku ile nenda kwenye vibanda vya steshenari pale Masoko. Kijana mwenye kompyuta ana watu tisa wamemsimamia. Huyu anataka achapiwe, yule flashi yake ina virusi, mwingine anasoma kwa simu huku mwenzake anachapa, na neno lolote atakalosema linaingia bila kuulizwa. Saa nne mtandao unaanza kuvuta miguu, maana wanafunzi nchi nzima wako mlango mmoja. Saa tano mtu anatumiwa desa na mwenzake wa mkoa mwingine, anabadilisha jina juu, aya za ndani haziangalii. Saa sita kasoro dakika tatu kazi inapanda asilimia tisini, inasimama. Nimemwona mtu mzima, baba wa familia, ameishika simu kwa mikono miwili kama anaomba dua. Kazi ikaingia. Akashukuru Mungu, akaenda kulala, na asubuhi nilipomuuliza alikuwa ameandika nini hakuweza kunieleza. Ada amelipa, alama amepata, elimu imebaki pale kibandani.

Huko ndiko kufunguka kwa akili? Mimi naona ni hofu kubwa imeifukuza hofu ndogo. Na hofu kubwa inakuja usiku mmoja tu, wa mwisho.

Sasa tuvuke maji twende Songosongo, maana huko nimeona jambo ambalo halihusu chuo chochote, na kwangu mimi ndilo limenipa mwanga.

Wenzetu wa kule wanafunga miamba ya pweza. Kwa wasiojua: pweza huvuliwa maji ya bamvua yakitoka, mwamba unabaki wazi, watu wanatembea juu yake na vijiti wakichokoa mashimo. Pweza ni mnyama anayekua haraka sana. Ukimwacha miezi mitatu, yule aliyekuwa wa kitoweo cha mtu mmoja anakuwa wa kulisha nyumba. Kila mvuvi analijua hili tangu utotoni. Lakini mvuvi aliye peke yake mwambani, akimwona pweza mdogo ndani ya shimo, atamwacha? Hamwachi. Anajua kabisa kwamba angemwacha angepata zaidi, na bado mkono unakwenda, kwa sababu njaa iko leo na faida iko mbele, na kwa sababu asipomchukua yeye atamchukua mwingine.

Wakafanyaje? Hawakuitana wavivu. Hawakuitana walafi. Walikaa wakakubaliana mwamba upi unafungwa, wakaweka tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, wakaweka alama baharini, wakaweka watu wa kulinda. Ikifika siku ya kufungua, kijiji kizima kinashuka, wanawake na ndoo, watoto, wanunuzi wa pweza na mizani zao. Kile ambacho mmoja mmoja walikuwa wanakijua na hawakiwezi, kwa pamoja wamekiweza.

Utaniambia, hao wanangoja, na sisi tunamtaka mwanafunzi asingoje. Kweli. Lakini tazama mzizi wake. Tatizo la mvuvi na la mwanafunzi ni moja: kujua peke yake hakuushiki mkono. Kinachoushika mkono ni tarehe uliyoiweka mbele ya watu, na watu hao wakawepo siku hiyo.

Na hili si la wavuvi tu. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch waliripoti jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo maarufu huko Marekani. Wengine waliachiwa wajipangie wenyewe tarehe za kukabidhi kazi zao tatu. Wengi, hata bila kupata zawadi yoyote kwa kuwahi, walijiwekea tarehe za mapema, yaani walijifunga wenyewe kwa sababu walijijua. Na waliopangiwa tarehe zilizoachana sawasawa walifanya vizuri kuliko walioachiwa uhuru wote. Kumbe hata huko kwenye umeme usiokatika na mtandao usiosumbua, mtu hupenda afungiwe mwamba.

Au mchukueni Mzee Nelson Mandela. Alianza kusomea shahada ya sheria Johannesburg mwaka 1943. Aliipata mwaka 1989, kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado kifungoni. Miaka 46. Mtu mwenye ukurasa mweupe wa wiki sita asikate tamaa. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni gereza la Robben Island, alikofungwa na wenzake. Wafungwa wale walisoma kwa posta, hawana mwalimu mbele yao, hawana maktaba ya maana, na mchana wanavunja mawe. Wakafundishana wao kwa wao, aliyejua historia akafundisha historia, aliyejua kusoma akamfundisha asiyejua, hata kisiwa kile wakakiita chuo kikuu. Walikuwa na kila sababu ya kuahirisha. Walikuwa pia na mtu wa kuwauliza jana umefika wapi.

Kwa hiyo nikiulizwa tufanye nini, sina orodha ndefu. Mwanafunzi mwenzangu, nakuita hivyo kwa sababu nami nilisoma kwa mtandao, na kuna somo moja nililiacha miezi minne bila kulifungua, nikaona haya hata kupita karibu na mtu aliyejua kwamba nasoma. Kilichonirudisha haikuwa ratiba niliyoibandika ukutani, maana niliibandika mara tatu. Alinirudisha rafiki yangu mmoja ambaye hakuwa hata mwanafunzi. Kila Jumatano baada ya magharibi alikuwa akiniuliza, "Nisomee ulichoandika." Basi. Ilikuwa inanitosha.

Tafuta mtu wa namna hiyo. Na ukianza, anza na kipande kidogo mpaka ukionee huruma. Usiseme leo naandika asaimenti. Sema leo naandika mistari mitano, na andika kwa lugha unayowazia. Kiingereza kitakuja baadaye, kitakuta nyama ipo.

Na walimu wa vyuo, kama mnanisikia, nina ombi kwenu kwa heshima zote. Kazi moja kubwa ya wiki sita ikatwe vipande vitatu vya wiki mbili mbili. Kipande cha kwanza kiwe chepesi na kirudishwe na neno la mtu, hata sentensi moja: nimesoma, endelea hapa. Mwanafunzi akishaona kwamba upande wa pili kuna mtu na si mashine, hofu inapungua nusu. Na mkiona mtu hajaingia kwenye mfumo wiki mbili, mpigieni simu. Simu ya dakika mbili, ya kumjulia hali tu. Mnaweza kumkuta amefiwa. Mnaweza kumkuta anafagia.

Nanyi mlio nyumbani, waume, wake, mama wakwe, msimwambie "bado tu hujamaliza hicho chuo chako?" Muulizeni anasoma nini. Muacheni awaeleze.

Mwalimu sasa ana wenzake wawili, muuguzi wa Kinyonga na kijana mmoja karani wa ushirika. Wanasoma masomo tofauti, hata vyuo tofauti. Kila Jumamosi saa kumi jioni wanakutana kwenye darasa la tatu, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Kila mmoja anasema kwa sauti atafanya nini. Kisha kimya kwa saa nzima. Wakimaliza wanasomeana walichoandika, wanakula mihogo na chai. Jumamosi ya kwanza Mwalimu aliandika yale yale aliyonieleza mimi, mbegu za korosho na vifuko, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Jumamosi ya pili wakakaa naye kuyavusha kwenda Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na karani akawa na kamusi.

Jumamosi iliyopita ilinyesha mvua kubwa. Karani alikwama Nangurukuru, muuguzi akashika zamu ya mwenzake. Mwalimu akaona basi, leo hakuna. Alishaanza kutafuta fagio. Saa kumi kamili simu ikaita. Alikuwa muuguzi, anaongea kwa haraka, nyuma yake wodi inasikika.

"Shoga, nina dakika moja. Uko ukurasa wa ngapi?"

Mwalimu akasema, "Wa nne."

"Nisomee mstari wa mwisho."

Akamsomea.